Kizuizi Chenye Uhai

Ilitangazwa rasmi mjini Isiolo, kwa kipaza sauti na baadaye kwa mdomo mtupu baada ya kipaza sauti kufa, kwamba kuanzia Jumatatu hewa itazunguka kwa mujibu wa kanuni. Kila stoo ya petroli, thina na mafuta ya taa iwe na matundu chini, karibu na sakafu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito na hutambaa chini ukitafuta moto. Matundu yakikosekana au yakizibwa, stoo itafungwa papo hapo.

Kanuni hizo ziliandikwa na Hezekiah Njogu, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Pumzi Salama. Alikuwa kaimu kwa muda mrefu mno, hadi neno lenyewe likaanza kumkaa kama jina la ubatizo. Ijumaa angekuja Bi Wamucii kutoka makao makuu kuamua kama athibitishwe kazini au arudi kupangusa vumbi kwenye vizima moto. Kwa hiyo Hezekiah alihitaji kumfungia mtu stoo, na upesi.

Akampata Gladys Lobokat, mwenye duka la rangi. Stoo ya Gladys ilikuwa na matundu safi yenye wavu, mahali pale pale kanuni zilipotaka. Tatizo ni kwamba ukuta ule ndio wenye kivuli adhuhuri, na mbuzi wake alikuwa amejilaza hapo, mgongo kwenye matundu, anacheua.

"Mama, mzunguko wa hewa umekwamishwa," Hezekiah alisema kwa huzuni ya kikazi.

"Si nimfukuze tu, bosi? Shii! Toka hapo!"

"Usiguse ushahidi!"

"Huyu mbuzi ndio maziwa ya wajukuu wangu. Hiyo sheria yako ataijulia wapi?"

"Kanuni ya tisa iko wazi. Kizuizi chenye uhai kitafungwa kamba na kupelekwa boma la idara hadi uchunguzi ukamilike. Etabo!"

Etabo, askari wa idara, alimtia mbuzi kamba shingoni. Alimwonea Gladys haya, maana wanasali kanisa moja, lakini kazi ni kazi. Stoo ikafungwa kwa utepe mwekundu. Mitungi ya petroli na thina ikabebwa hadi ofisini, ikapangwa katika chumba kilichopakana na cha Hezekiah. Dirisha la chumba hicho lilizibwa zamani kwa simiti, ili baridi ya kiyoyozi cha mkurugenzi isitoroke.

Ijumaa Bi Wamucii alifika, akaketi, akasomewa kanuni tangu ya kwanza. Kufika ya nne, Hezekiah alikuwa anatokwa na machozi. Mgeni alidhani ni uzalendo, hadi naye akaanza kutafuta leso.

"Njogu, ni nini inanuka hivi?"

"Ushahidi, madam."

"Na huo ushahidi unapumulia wapi?"

Hezekiah alitafuta jibu ukutani. Ukuta haukuwa na tundu hata moja.

Ofisi ikafungwa kwa utepe ule ule mwekundu. Bi Wamucii akaamuru mitungi ipelekwe kwenye stoo ya karibu inayotimiza kanuni, na baada ya kuulizauliza ikabainika ni moja tu: ya Gladys. Akaamuru na mbuzi arudishwe. Hezekiah aliufuata mkokoteni uliobeba mitungi huku kichwa kinamzunguka, akafika, akaona kivuli, akaketi chini na kuegemea ukuta. Loo, raha iliyoje! Akafumba macho.

"Bosi, sogea kidogo," Gladys alimwambia. "Umeziba matundu."

"Niache nipumzike, mama."

Bi Wamucii, aliyekuja nyuma ya mkokoteni, alikuwa anapekua kanuni. "Njogu, hii ya tisa uliandika wewe mwenyewe?"

"Kila neno, madam," alijibu kwa fahari, macho yangali yamefumbwa.

Etabo, aliyekuwa ndiyo kwanza amfikishe mbuzi hapo stoo, aliivua kamba shingoni mwa mnyama na kumsogelea bosi wake kwa heshima zote.