Mababu Hawajaarifiwa

Habari za Redio, mbeba umbeya wa mtaa, kwa kawaida huwa na mguu mmoja wa kweli. Leo alifika benchini na habari yenye miguu yote miwili.

"Kimenuka! Watu wa ofisi ya pensheni wanapita nyumba kwa nyumba. Mzee ukiwa na nyumba usimolala, inahesabiwa mali, pensheni inakatwa. Kwisha habari yako."

Benchi la nje ya kontena la fundi viatu, hapa Mdantsane, Afrika Kusini, lote likamgeukia mzee Sokutu. Tangu arithi nyumba ya marehemu dada yake wanamwita Landilodi, ingawa bado amepanga chumba uani kwa watu. Nyumba yenyewe iko ng'ambo ya barabara, mapazia yamefungwa.

"Hamia," alisema Waziri, aliyewahi kufagia ofisi za wakubwa na tangu hapo anajua sheria zote. "Nyumba unamolala haihesabiwi. Beba godoro, vuka barabara."

"Nilale mahali ambapo mababu hawajaarifiwa? Niote ndoto za nani?"

Hapo hata Waziri, ambaye hubishana na saa ya ukutani, alivua kofia.

"Basi pika pombe, uwaarifu."

"Mimi? Pombe ya mababu hupikwa na mke wa nyumba."

"Si unaye?"

"Tumetengana."

"Mmetengana au mmepumzishana?"

Landilodi akakuna goti. Mkewe, Nomakhwezi, ni muuguzi mstaafu mwenye pensheni nono ya hospitali. Akihesabiwa pamoja naye, mzee hapati hata senti ya serikali. Ndiyo maana alienda ofisini akaapa kwamba wametengana, na kweli kila mtu anaishi kwake, talaka hakuna. Lakini kila Jumapili Nomakhwezi humletea bakuli la mahindi na maharage, na mzee, moyoni mwake, alikuwa akingoja Jumapili ambayo bakuli litakuja na sanduku la nguo.

"Ngoja niielewe," alisema Redio. "Mama akipika, ofisi itasema una mke. Asipopika, hulali humo, ofisi itasema una mali. Mzee, umefungiwa mlango na dirisha."

"Nimeshamwomba. Anakuja leo."

"Leo! Na wale wako mtaa wa pili?"

"Mfiche," Waziri akashauri.

"Nomakhwezi? Sauti yake peke yake inataka vyumba viwili."

Hawajamaliza, huyo akatokea na ndoo ya kimea kichwani. Nyuma yake alifuata binti mwenye kitambulisho cha ofisi ya pensheni shingoni.

"Baba Lulama, huyu mwanangu anakutafuta. Nimemwambia anifuate."

Redio akaanza kuchunguza mawingu.

"Samahani, Tata, mzee wangu," alisema binti. "Ile ndiyo nyumba yako? Unalala humo?"

"Kuanzia Jumamosi, mababu wakikubali."

Binti akaitikia kwa kichwa. Naye ni wa huku huku, hakuuliza mababu gani. "Na huyu mama ni nani?"

Landilodi alifungua mdomo. Lile neno la kutengana, alilolitamka ofisini bila shida, mbele ya Nomakhwezi mwenyewe likageuka kikohozi.

"Mpishi wa pombe," Waziri akamsaidia.

"Mimi ni mke wake," alisema Nomakhwezi, akitua ndoo.

Waziri akafumba macho.

"Mnaishi pamoja, Mama?"

"Mwaka wa nne huu hatuishi pamoja. Ofisini kwenu alisema. Kwa mchungaji alisema. Hawa wa benchi wanajua kuliko sisi. Mababu tu ndio hajawaambia." Akakung'uta unga mikononi. "Sasa nimekuja kumpikia. Jumamosi mzee wa ukoo atawaarifu yote mawili kwa pombe moja: kwamba yeye amehamia, na kwamba mimi sihamii."

Binti aliandika, akasema pensheni haina tatizo, akaaga kwa adabu na kuendelea na safari yake.

"Umeshinda, Landilodi," alinong'ona Redio.

"Naona."

Mzee aliinama juu ya ndoo. Akachota kimea kidogo kiganjani, akakinusa, akakitazama kwa muda mrefu kana kwamba aliwahi kupika pombe maishani mwake.

"Mama Lulama, kimea hiki naona hakijachipua sawasawa. Tungoje mwezi ujao."

"Kimechipua, Baba Lulama," alisema Nomakhwezi kwa upole. Akajitwika ndoo yake, akavuka barabara kwenda kufungua mapazia.