Hotuba ya Naibu Meya Siku ya Kuzindua Bia ya Kopo Iliyoboreshwa

Mheshimiwa Meya, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na mimi ndiye niliyekikalia. Waheshimiwa Madiwani wenzangu wawili mliofika, na wengine wote mlioleta udhuru. Baba Kasisi wa Mtakatifu Alban, ambaye wote tunajua pipa lake la bia liko nyuma ya madhabahu (vicheko), nasema liko mahali salama, Baba. Ndugu Mkuu wa Zimamoto wa Kujitolea. Ndugu Nahodha wa timu ya kriketi, ambayo ukumbi wake tumeuazima. Daktari Philippa Quaife, daktari wa mifugo yetu na Rais wa Chama cha Wapika Bia wa Bonde la Dorrick, ambaye naona amekaa mstari wa mbele kwa makusudi. Mzee Athol Bessant, mkulima wetu wa hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, wa mwisho aliyebaki. Mke wangu mpenzi Merle. Mabibi na mabwana, pamoja na wale mliofuata harufu ya soseji: kila mtu amekwisha heshimiwa, naomba tuketi. (Makofi ya adabu.)

Mimi, Selwyn Garroway-Pike, Naibu Meya wenu kwa awamu ya tatu mfululizo, nimesimama mbele yenu katika mwezi huu wa Machi, ambapo hopi zimevunwa na asubuhi zimeanza kuuma, nikiwa na unyenyekevu mkubwa ambao watu wengi wameusifu, ili kuzungumzia utekelezaji, ufuatiliaji na tathmini shirikishi ya Mpango Kabambe wa Uboreshaji wa Bia ya Kopo, kwa kifupi MKUBIKO, mpango ambao haujawahi kuonekana katika Tasmania nzima. (Sauti kutoka nyuma: "Hata sisi hatujauona!" Vicheko.) Asante. Maoni ya wadau yamepokelewa.

Tujikumbushe tulikotoka. Mwaka juzi, wakati wa baridi, mimi mwenyewe, kiongozi wenu, nilipika bia kama wanavyopika wengi humu ndani: nilifungua kopo, nikamimina lile rojo jeusi la kimea kwenye pipa la plastiki, nikaongeza kilo nzima ya sukari nyeupe kwa sababu ndivyo kopo linavyoshauri, nikajaza maji ya bomba, nikanyunyiza kile kijipakiti cha hamira kinachofichwa chini ya kifuniko, nikaliweka pipa chumba cha kufulia, kisha nikaenda kwenye vikao. Niliporudi kutoka kwenye vikao, ambavyo mnafahamu huwa havina haraka, nikaitia chupani, kila chupa na sukari yake ya ziada, nikazipanga humo humo chumba cha kufulia. Matokeo yake, mabibi na mabwana, yalikuwa kinywaji chepesi, chenye rangi ya chai iliyosahauliwa na ladha ya tufaha lililokaa ndani ya gari. (Sauti: "Tuliionja!") Mliionja, ndiyo, na mlikuwa wastaarabu. Nilimpa pia mgeni kutoka Hobart, afisa wa ngazi ya juu kabisa, akaomba ruhusa aende na glasi yake kutazama maua ya Merle, na yale maua hayakupona. (Vicheko virefu.)

Halafu chupa zikaanza kupasuka. Ya kwanza ilipasuka Jumapili tukiwa mezani, tukadhani ni mwindaji wa sungura. Ya pili ikafuata, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kufungua mlango wa chumba kile mpaka Ndugu Mkuu wa Zimamoto alipofika na kofia yake, akatukuta sisi chini ya meza na bia juu ya mashuka. (Bi Merle: "Mashuka ya mama yangu!") Mashuka ya marehemu mama mkwe, ambaye hata alipokuwa hai hakunipenda.

Kiongozi mwingine angekata tamaa. Mimi nilichukua chupa moja iliyonusurika, nikaipeleka kwa Daktari Quaife kwenye kliniki yake ya mifugo, nikapanga foleni kama mwananchi wa kawaida, nyuma ya mbwa mwenye kidonda na mbele ya bata. Daktari akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akanitazama, akaniuliza, na hapa nanukuu kwa ajili ya kumbukumbu rasmi: "Selwyn, huyu ng'ombe ana umri gani?" (Ukumbi unalipuka.) Nikamwambia, "Daktari, hii ni bia." Akasema, "Basi afadhali angekuwa ng'ombe, ningempiga sindano." (Dk. Quaife, amekaa: "Na bado nina wasiwasi!")

Lakini hakunifukuza. Alinikalisha juu ya gunia la chakula cha kondoo, akanieleza, kwa sauti ambayo hata bata aliielewa, kwamba ile sukari hamira inaila yote na haikuachii kitu mdomoni, kwa hiyo niitupe, niweke kimea zaidi badala yake, bia ipate mwili. Kwamba nichukue konzi ya hopi nizichemshe na kimea kidogo kwenye sufuria ndogo, zitoe uchungu. Nyingine nizitie sufuriani moto ukishazimwa. Na nyingine, bia ikishatulia pipani, nizitupie hivyo hivyo zikiwa kavu, nifunike, niziache zitoe harufu yake. "Kopo si baya," akasema. "Ubaya wako ni kuliachia kopo kazi yote ukaenda vikaoni." Maneno hayo baadaye niliyafanyia maboresho, nikaondoa sehemu ya vikao, na yakawa dira ya Halmashauri.

Nilifuata maelekezo yote. Na bia ile, sikilizeni vizuri, Merle aliomba glasi ya pili. Katika ndoa yetu hilo halijawahi kutokea kwa kitu chochote nilichokitengeneza mimi. (Bi Merle: "Hasa hotuba.") Nikatoka nje na glasi yangu, nikasimama kwenye majani, povu limekaa juu kama linavyotakiwa kukaa, harufu ya hopi inapanda puani, nikaona. Niliona kila kopo linalouzwa katika bonde hili likiwa limefungwa pamoja na kifurushi kimoja cha kimea na kifurushi kimoja cha hopi, hopi za hapa hapa, za Mzee Athol. Mzee Athol, simama wakuone. (Mzee Athol hasimami.) Ni mnyenyekevu.

Wote mnajua kwamba kampuni iliyokuwa ikinunua hopi zake iliacha kununua, kwa kuwa shamba lake ni dogo na mdomo wake ni mkubwa, na kwamba alikuwa amekwisha agiza miche ya cheri na kuliwasha trekta ili azing'oe hopi zote. Mimi, bila kujali suti yangu, nilisimama mbele ya lile trekta. Mzee akapiga kelele, "Toka hapo Selwyn, breki hazishiki!" Sikutoka. Nikamwambia, "Athol, usizing'oe. Halmashauri itachukua mavuno yako yote. Hopi zako zitaingia kwenye kila pipa la Dorrick." Akaniuliza, "Kweli?" Nikasema, "Nakupa neno langu." Akalizima trekta. Akashuka, akashika ule mti ambao hopi zinapandia, akaniambia kwamba mistari ile ya mwanzo aliipanda baba yake kabla yeye hajazaliwa, na kwamba tangu aagize ile miche alikuwa hapati usingizi. Hilo ni eneo la hisia, tutalirudia wakati wa maswali.

Je, tangu siku ile Halmashauri yenu ililala? Haikulala! Tumeendesha warsha ya kujenga uelewa, ikafuatiwa na warsha ya kupima uelewa uliojengwa. Tumeandaa andiko dhana, fremuweki ya kimkakati na nembo ya rangi nne, ambayo rangi yake ya tano iko kwenye mchakato. Mimi mwenyewe nilijitoa mhanga, nikaiacha familia yangu, nikaenda ziara ya mafunzo Bavaria, ambako nilibaini kwamba wale wenzetu hawatumii kopo kabisa, jambo lililoongeza ugumu wa kujifunza, kwa hiyo ikabidi nikae zaidi. (Sauti: "Pole!") Kwa upande wa takwimu, uelewa wa wananchi kuhusu hopi umepanda kwa asilimia arobaini na moja, uchungu umepanda kwa asilimia sitini na mbili (sauti: "Uchungu wetu!"), na kuhusu vifurushi vyenyewe, nina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba asilimia mia moja, narudia, mia moja, ya vifurushi vyote vilivyotengenezwa vimewafikia walengwa! (Makofi machache. Dk. Quaife anasimama: "Vilitengenezwa vingapi?")

Swali zuri sana, Daktari, swali la kitaalamu. Utengenezaji, kwa tafsiri pana, una hatua zake, na ukiangalia robo hii ya mwaka kwa kulinganisha na robo iliyopita... (Dk. Quaife: "Vingapi, Selwyn?") ...utaona kwamba hakuna kushuka kokote, kwa sababu vilivyotengenezwa ni sifuri na vilivyowafikia walengwa ni sifuri, na kwa hiyo mtakubaliana nami kwamba hakuna hata kifurushi kimoja kilichopotea njiani. Ni halmashauri gani nyingine inayoweza kusimama mbele ya watu ikasema hivyo? (Zomea zomea. Soseji iliyoumwa nusu inatua karibu na meza kuu.)

Naomba utulivu. Mzee Athol, sasa naona umesimama. (Mzee Athol: "Selwyn, mimi nimekuja na trela. Liko nje. Magunia yote. Uliniambia nilete leo.") Ni kweli, Mzee wangu, na ujio wako ni kielelezo cha uzalendo. (Mzee Athol: "Zimekauka vizuri mwaka huu. Zikikaa mpaka mwakani zitanuka jibini. Unazichukua au huzichukui?") Mzee Athol, ndugu yangu, jirani yangu, naomba nilijibu hilo kwa ujumla wake. Kuchukua ni dhana pana. Kuna kuchukua kimwili na kuna kuchukua kisera. Kisera, magunia yako tulikwisha yachukua tangu mwaka jana. (Mzee Athol anavua kofia, anaitazama ndani, anaivaa tena.) Kimwili, ghala la kuyapokea liko katika hatua ya mchoro, na mchoro wenyewe uko katika hatua ya penseli.

(Dk. Quaife anapanda juu ya kiti: "Haya, nisikilizeni! Nani humu ana pipa nyumbani?" Mikono inainuka ukumbi mzima, na wa Kasisi ukiwemo. "Basi twendeni nje. Hakuna cha bure, kila mtu anamlipa Athol mkononi mwake kwa bei aliyokuwa akilipwa na kampuni, na atakayenitajia sukari nyeupe tena namchoma sindano ya kondoo!" Viti vinakwaruza sakafu.)

Naona wananchi wenye hamasa mmeanza kutoka kwenda kukagua maonyesho. Hilo liko ndani ya ratiba, ingawa halikuandikwa. Wa mlangoni, msisukumane. Nahodha, mshike mkono Bi Thelma, ngazi ile ni mbovu. Baba Kasisi, hata wewe? (Kasisi, bila kugeuka: "Nitakuombea.") Waheshimiwa Madiwani wenzangu... nao wametoka. Sawa. Mnaotoka msiwe na wasiwasi, hakuna atakayekosa hotuba, kuna spika uwanjani.

Kabla sijahitimisha, kwa mliobaki, tuitikie kaulimbiu yetu. Nikisema "Kopo ni mwanzo", ninyi mseme "MKUBIKO ni maendeleo!" Kopo ni mwanzo! (Nje, trela linafunguliwa kwa kishindo, watu wanashangilia.) Kopo ni mwanzo! (Sauti ya Dk. Quaife kutoka nje: "Athol, hizi zinanukia chungwa! Ulikuwa unazificha wapi?") Nashukuru kwa mwitikio.

Na sasa shukrani. Naishukuru kwa dhati Kamati ya Uongozi ya MKUBIKO, ambayo, kwa kuwa haijawahi kuteuliwa, imefanya kazi mwaka mzima bila ugomvi hata mmoja. Namshukuru Mratibu wa Mpango, popote alipo, ambaye atajulikana nafasi yake itakapoundwa. Nawashukuru Waheshimiwa Madiwani kwa kutoipinga hoja ya kuanzisha MKUBIKO, hoja ambayo haijawahi kufika mezani kwao, kwa sababu ilikuwa mezani kwangu. Nilikusudia kuipeleka, jamani. Siku ile mbele ya trekta sikuwa natania. Niliingia ofisini Jumatatu nikiwa na matope kwenye viatu, nikakuta kuna kikao, na katika kikao wakasema kwanza tupate nembo, na nembo ilipendeza, mkaipigia makofi, nikaona kumbe kazi inakwenda. Merle, humu wamebaki wangapi? (Bi Merle: "Niko mimi tu. Nangoja ufunguo wa gari.")

Basi nakushukuru wewe, Merle. Ufunguo huu hapa. Na ukipita pale kwenye trela, mwambie Athol anibakishie mfuko mmoja. Mdogo tu. Usiseme ni wangu.

(Kutoka uwanjani, sauti nyingi kwa pamoja: "Tumesikia, Mheshimiwa!" Vicheko vinarudi ukumbini kupitia madirisha. Kisha sauti ya Mzee Athol peke yake: "Njoo uchukue mwenyewe, Selwyn! Foleni iko huku!")

Mheshimiwa Meya ambaye hupo, naomba kutoa hoja kikao kiahirishwe. Nakuja, Athol. Nakuja.