Amri ya Okidi Kuwa na Majina

Hadi kufikia mwaka 1951 Serikali ilikuwa imekwisha kutatua mambo yote ya Temeke na Kinondoni, isipokuwa maji, barabara na zahanati. Kwa hiyo ikageukia maua ya okidi.

Tangazo likasomwa gulioni. Tangu siku ile kila okidi ya nyumbani, ya mtini au ya kwenye kumbi la nazi, itakuwa na jina, kibao cha bati, na ukurasa katika Daftari Kuu. Ukimkatia jirani kipande, kipande kitafuata jina la mama yake, na jina la kwanza ndilo jina. Mmea wa mkaidi utachukuliwa. Chini palikuwa na sahihi ya Bwana Shauri, Mzungu mwenye wilaya, naye mpenzi mkubwa wa okidi.

Karani Jabiri akateuliwa Msajili. Alinunua wino wa rangi mbili, akapiga pasi kanzu, akaingia mitaani. Huko akakuta kina mama wamezipa okidi zao majina kama ya kanga: Jirani Chunga Lako, Umbea Haujengi. Jabiri aliyaandika yote bila kucheka, maana fomu haikuwa na nafasi ya kucheka.

Okidi ya Bwana Shauri mwenyewe, ya manjano yenye madoa ya chui, aliisajili kwa jina la Hadhi ya Dola. Ilitazamiwa kushinda kikombe cha maonyesho. Siku nne kabla, Bwana Shauri akamwita.

"Karani, kuna mwanamke Temeke ana mmea wangu. Kauchukue!"

Jabiri akaenda kwa Bi Mwamvita, mjane muuza vitumbua.

"Shikamoo, Bi Mwamvita."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula au kuandika?"

"Kuchukua. Okidi hii ni kipande cha Hadhi ya Dola."

Bi Mwamvita akaepua chuma cha vitumbua. "Hii niliitoa Yombo mwaka alipozaliwa kitindamimba wangu, na sasa ana ndevu. Huyo bwana wako amekuja lini?"

"Mwaka juzi."

"Basi muulize Albano, mtunza bustani wake. Mie ndiye niliyemkatia kipande. Kovu lile pale. Na jina nilimwambia."

Albano alipoulizwa aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Bwana aliponiuliza inaitwaje, niliona haya kulitaja."

Jabiri akaisoma amri mara tatu. Aliwaza mshahara wake na wanawe watano. Lakini alikuwa mmoja wa watu wachache sana wilayani walioamini kwamba amri ni amri. Akafuta, akaandika upya daftarini na kwenye kibao, kisha akapiga muhuri.

Siku ya maonyesho Kinondoni, mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Jimbo. Kwanza alisikiliza hotuba ya Bwana Shauri kwa saa mbili na robo. Kisha akaikabidhi kikombe okidi ya manjano, akainama kusoma kibao kwa sauti:

"Debe Tupu. Mkuzaji: Bwana Shauri."

Uwanja mzima ukakohoa kwa pamoja.

"Kibao kimekosewa!" Bwana Shauri alifoka, uso mwekundu. "Kiondoe!"

"Haiwezekani, Bwana," Jabiri alisema kwa unyenyekevu, akafungua daftari. "Jina la kwanza ndilo jina. Bi Mwamvita alilitoa zamani. Na sahihi yako hii hapa."

Mkuu wa Jimbo akaisoma sahihi. Akamgeukia Bi Mwamvita, ambaye Jabiri alimwonyesha kati ya watazamaji. "Kwa nini Debe Tupu, mama?"

"Maua mengi, Bwana Mkubwa, lakini harufu haina. Mpaka uchoke kungoja."

Mkuu wa Jimbo akaitazama okidi, kisha akamtazama Bwana Shauri.

"Nimeelewa," alisema. Akaagiza jina lichongwe kwenye kikombe, kwa herufi kubwa.

Bi Mwamvita akabaki na mmea wake, Jabiri na kazi yake. Wiki iliyofuata Bwana Shauri aliomba jina lile libadilishwe. Alijibiwa kwa heshima zote kwamba ombi lake limepokewa, ila fomu ya kubadili jina haijachapishwa.