Blanketi Nyuma ya Kabati la Dobi

Jumatatu, 3 Machi

Semina ya Mfuko wa Utafiti na Ubunifu. Nimefika mapema, nikakaa mbele, na bado biskuti zimeisha kabla sijaifikia meza. Bwana Slaidi alikuwa na nne kwenye sahani. Huyu bwana tuliwahi kugawana ofisi, mimi upande wa mlango, yeye upande wa dirisha. Sasa ana ofisi yake ya vioo, na hawezi kukusalimu bila kukuonyesha picha ukutani. Ndiyo asili ya jina lake. Kazi yetu ni moja: kuwasaidia wenye biashara ndogo kupata fedha za serikali za utafiti. Wateja wake hupata fedha. Wangu hupata uzoefu.

Lakini leo mama wa Mfuko kasema jambo lililoniamsha. Kasema Mfuko haugharamii kitu ambacho tayari kinajulikana kuwa kinafanya kazi. Unagharamia mashaka. Mwenye uhakika, kasema, aende benki. Watu wakacheka. Mimi nikapiga mstari chini ya neno mashaka, kisha mwingine. Miaka yote hii nimekuwa nikieleza jinsi wateja wangu walivyo hodari! Kumbe nilikuwa nawamaliza mwenyewe.

Nyumbani, mke wangu kazungumza nami kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa. Kasema meza ya chakula imekuwa ofisi yangu vya kutosha, na watoto wamechoka kula sahani zikiwa mapajani kama wako safarini. Ombi la fedha nitakaloandika safari hii likikataliwa, meza inarudi kwa wenyewe, na mimi nakwenda kuuza rangi dukani kwa mdogo wake wa kiume. Nimekubali. Sina wasiwasi. Yaani, ninao. Na mwaka huu wasiwasi unalipwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mteja wangu. Naye ni mmoja tu, mdogo wa kike wa mke wangu. Namwita Shemeji Dobi, nisije nikamchanganya na Shemeji Rangi. Chumba chake cha kufulia kimepakana ukuta na tanuri la mikate, na bomba la moshi la tanuri linapita ndani kwake. Yeye kalizungushia kabati la mabati lenye kamba ndani. Nje mvua, ndani mashati yanakauka. Joto la bure kabisa.

Shida ni kwamba kabati ni dogo. Hosteli ya wanafunzi wa uuguzi humpa shuka zao, na mvua zikianza anashindwa kuzimaliza. Matroni wa hosteli kampa mpaka mwisho wa mwezi: aonyeshe namna ya kuchukua shuka zote, au kazi ihamie kwa dobi wa ng'ambo ya barabara mwenye mashine za umeme. (Mteja wa nani? Wa Bwana Slaidi, bila shaka.) Shemeji anataka fedha za kujenga kabati kubwa. Bila hosteli, kasema, atafunga mlango, na wale akina mama wawili wanaompigia pasi watarudi nyumbani.

Nikalijaribu kabati. Nimetundika kitambaa changu cha mfukoni, kimelowa. Kabla sijamaliza kumweleza shemeji maana ya mashaka, kilikuwa kikavu kama biskuti ambayo sikuipata. Balaa! Linafanya kazi!

Nimemwomba shemeji aanze kutojua. Kauliza asijue nini. Nikasema asijue kama kabati linakausha. Kanitazama kama anavyotazama doa la wino kwenye kola. Kasema, yaani shemeji, nisimame mbele ya watu wa serikali nijitie ujinga wa kazi yangu mwenyewe?

Katikati ya haya kaingia Mzee wa Mikate, mwenye tanuri, ana unga mpaka kwenye nyusi. Kaja kuendeleza ugomvi wao wa kila siku. Anadai kabati kubwa likija litanyonya joto la tanuri, mikate itoke mibichi katikati. Shemeji anadai halitanyonya kitu, hilo ni joto la kutupwa. Mzee kasema alikuwa anaoka kabla shemeji hajaota meno. Shemeji kasema basi na apumzike. Nimewatenganisha, kisha nikamwonya shemeji faraghani: habari za mikate asizitaje popote. Hakuna serikali inayotia fedha kwenye magomvi ya majirani.

Ijumaa, 7 Machi

Andiko la kuomba fedha limekamilika. Kila palipokuwa na "linakausha" nimeweka "huenda, katika mazingira fulani, likadhaniwa kukausha". Kurasa tisa za mashaka matupu. Mikate haimo.

Mke wangu kasoma ukurasa wa kwanza, kauliza kama mdogo wake ana habari kwamba nimeandika hajui kazi. Nikasema huo ndio uzuri wa andiko. Kaendelea kukata kitunguu, kwa nguvu kuliko kitunguu kilivyostahili.

Kwenye duka la kuchapisha nimekutana na Bwana Slaidi. Kaniuliza, mbele ya foleni nzima, kama bado naandika kadi za harusi. Nilifanya kazi hiyo mara moja tu! Mbili.

Jumatano, 12 Machi

Tumechaguliwa! Watu wa Mfuko wanakuja keshokutwa kuliona kabati kwa macho yao. Nimeruka kwa furaha, nikagonga goti kwenye meza. Nikiwa nalisugua goti, akili ikanirudia. Wakija wataliona linakausha. Kurasa tisa zitauawa na shati moja.

Mpango wa kwanza. Nimemwendea Mzee wa Mikate, nikamwomba Ijumaa apunguze moto. Kasema moto ukipungua mikate haiivi. Nikamwomba aoke kitu kisichotaka moto mkali. Kauliza kama nini. Nikasema keki. Kauliza nani kaagiza keki. Nikasema mimi. Tumefanya jaribio jioni hii, kwa gharama yangu. Shuka zimekauka vilevile. Na zinanukia vanila.

Watoto wamekula keki mapajani. Mke wangu kauliza tunasherehekea nini. Nikamwongezea kipande.

Alhamisi, 13 Machi

Matroni kapiga simu kwa shemeji kuuliza ni sabuni gani ile. Wasichana wamekutwa wakinusa foronya.

Mpango wa pili. Nyuma ya kabati kuna tundu la kutolea hewa yenye unyevu. Ukiliziba, unyevu unabaki ndani, na nguo zinabaki mbichi. Nimetoa blanketi kwenye sanduku chumbani, zito, zuri, mke wangu halitumii kwa sababu analitunza. Nimelilowesha, nikangoja shemeji atoke kununua sabuni, nikalisokomeza. Wapiga pasi wameniona natoka nyuma ya kabati na vumbi kichwani. Nikawaambia ni ukaguzi.

Mpango wa tatu: Mzee wa Mikate asiwepo. Akianzisha ugomvi wake mbele ya wageni, tumekwisha. Nimemnong'oneza kwamba upande wa pili wa mji kuna bohari linauza unga nusu bei, kesho tu. Tanuri atalishika mkewe. Kanishukuru mno, kanipa na mkate. Nimeona haya. Nikaula njiani.

Ijumaa, 14 Machi

Wamefika. Mama wa Mfuko mwenyewe, pamoja na mhandisi, bwana mmoja mrefu asiyeachana na tochi yake. Mvua inanyesha vizuri kabisa. Shemeji kavaa gauni lake la kuendea harusi. Katundika shuka, kafunga kabati, tukangoja. Tukanywa soda. Tukangoja.

Shuka zilitoka zinadondosha maji kama zimetoka ndooni. Shemeji kafunga, kafungua, kafunga. Kasema haki ya Mungu halijawahi kufanya hivi, waulizeni watu wa hosteli. Na mimi, wakati wangu ukiwa umewadia, nikasimama nikatangaza: Mnaona? Hatujui! Hatujui kabisa!

Mama wa Mfuko kauliza huyu ni nani.

Mhandisi kazunguka nyuma na tochi. Nikamwambia huko hakuna kitu, buibui tu. Kaingiza mkono, kavuta. Likaanza kutoka blanketi, likatoka, likazidi kutoka. Sikujua kama ni refu kiasi kile. Shemeji kalishika pindo, kasema polepole kwamba hili alimnunulia dada yake alipojifungua mtoto wa kwanza. Kisha kanigeukia. Nimewahi kutazamwa na mbwa wa getini kwa huruma zaidi. Na kabati, lilipozibuliwa, likaanza kukausha, upesi, hadharani, bila haya.

Mama wa Mfuko kafunga mkoba wake. Kasema, kwa heshima zote, kabati linafanya kazi, hongera, na kwa hiyo Mfuko hauna la kufanya hapa. Kuhusu blanketi, kasema, angependa kujifanya hakuliona.

Shemeji hakulia. Kaanza kukunja shuka za hosteli, moja baada ya nyingine, pembe kwa pembe, kama mtu anayefunga mizigo ya kuhama. Wapiga pasi wakaziweka pasi chini. Natamani angenitukana.

Wageni wamefika mlangoni, na hapo hapo anaingia Mzee wa Mikate, amelowa chapachapa, ananitafuta mimi. Hakuna bohari! Hakuna unga! Kazunguka mji mzima! Kisha kawaona wageni, kanisahau. Kauliza kama hawa ndio wanaotaka kumpa huyu binti kabati kubwa. Kama ndio, waandike kabisa: mikate yake itatoka mibichi!

"Haitatoka!" Shemeji katupa shuka.

"Itatoka!"

"Joto lenyewe unalitupa angani, mzee wangu!"

"Umelipima?"

"Wewe umelipima?"

Hakuna aliyelipima. Nikajitosa kati yao, nawasihi wanyamaze, wasituharibie. Mama wa Mfuko kasema wa kunyamaza ni mimi. Kamwuliza mhandisi: tanuri moja laweza kulisha kabati kubwa bila kuharibu mkate? Mhandisi kajikuna kidevu kwa tochi. Kasema hajui. Kafikiri tena, kasema hadhani kama kuna anayejua.

Mama wa Mfuko katabasamu, mara ya kwanza tangu afike. Karudi, kakaa, kafungua mkoba. Kaomba soda nyingine.

Mimi nimeombwa nikasubiri nje. Nimerudi nyumbani kwa miguu, na blanketi limefika kabla yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelala kochini. Bila blanketi.

Jumatatu, 24 Machi

Habari rasmi. Andiko langu limekataliwa. Shemeji na Mzee wa Mikate wameandika jipya wao wenyewe, kurasa mbili, kwenye meza yenye unga, wakigombania kila sentensi. Limekubaliwa! Mfuko utajenga kabati kubwa la majaribio, na mhandisi atakuja kila wiki kupima joto la bomba na ubichi wa mkate. Matroni kaonyeshwa barua, kasema hosteli haihami, ila anaomba ile harufu. Wapiga pasi wamepata mwenzao wa tatu. Shemeji kanitumia salamu kupitia kwa dada yake. Sio ndefu.

Nikamweleza mke wangu kwamba kwa jumla, ukitazama kwa upana, tumeshinda. Kasema makubaliano yalikuwa juu ya ombi langu. Watoto wamekula mezani jana, viwiko vimetanuka. Leo nimeanza kazi kwa Shemeji Rangi. Kanipa aproni na kunionya nisimshauri mteja yeyote jambo lolote zaidi ya rangi.

Mchana Bwana Slaidi kapiga simu. Dobi wake wa umeme kakataliwa, mashine zake zinajulikana dunia nzima kuwa zinafanya kazi. Kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kaniuliza siri yangu. Nikasitasita, kisha nikampa: blanketi. Zito. Lilowe vizuri. Nimesikia kalamu yake ikiandika.

Siri ya kweli nimebaki nayo. Kumbe si mashaka. Ni ugomvi! Mama wa Mfuko alikuwa anaondoka, wakagombana, akakaa. Niliona kwa macho yangu. Makosa yangu yote yalikuwa kuwapatanisha watu.

Na bahati inavyonipenda, kila asubuhi wanakuja hapa dukani seremala na fundi wa kuchomelea vyuma, kununua vanishi na rangi ya bati. Wanatengeneza viti pamoja, kikalio cha mbao, miguu ya chuma. Wanaazimana vifaa, wanachangia kikombe cha chai. Wamesoma darasa moja. Hawajawahi kukosana hata siku moja, na wanalisema hilo wenyewe, wanacheka.

Leo nimemnong'oneza seremala kwamba mwenzake analalamika, eti mbao ndio udhaifu wa kiti chao. Kacheka, kanipigapiga begani. Kesho nitamjaribu yule wa vyuma.

Andiko nimeshaanza, nyuma ya orodha ya bei za rangi. Limekaa vizuri. Nimeacha nafasi tupu pale pa kueleza ugomvi. Mwisho wa kupokea maombi ni mwezi ujao, na urafiki wao ni wa tangu utotoni, lakini nikijitahidi muda unatosha.