Mshauri Anunua Draya

"Hajazaliwa muuza duka wa kunidanganya mimi!"

Maneno hayo aliyatamka Mshauri asubuhi ya Jumamosi, mkate ukiwa mdomoni, makombo yakiruka hadi kwenye bakuli la sukari.

Mshauri alikuwa muuza viatu. Jina hilo majirani walimpa kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba ushauri, na hakuna aliyewahi kuukosa. Kwa imani yake, mtu anayejua kuchagua kiatu hashindwi na chochote kilicho juu ya kiatu, kuanzia soksi mpaka utosini.

Siku hiyo mkewe, muuguzi, alikuwa amechoka kwenda kazini na nywele mbichi, akipiga chafya kuwashinda wagonjwa wake.

"Nataka draya ya nyumbani," alisema. "Ndogo tu. Nitapita dukani mwenyewe."

"Wewe? Uende ukauziwe feni ya mdoli? Niachie mimi!"

"Kwani unajua nini kuhusu draya?"

"Draya ni upepo, mke wangu! Mwenye upepo mwingi ndiye mshindi."

Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, aliendelea kunywa chai. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kimya chake pekee kiliwahi kutuliza shule nzima. Mshauri hakutulia. Alivaa kofia yake, akatoka kifua mbele kama jemadari anayekwenda kuteka mji.

Kwenye duka la vifaa vya umeme, binti muuzaji alimwonyesha draya nyepesi yenye kichana mbele.

"Hii inawafaa wengi nyumbani. Ina moto mdogo, moto wa kati, na kitufe cha upepo baridi."

"Baridi?" Mshauri alicheka mpaka wateja wakageuka. "Nikitaka baridi si nitafungua dirisha? Hii ni ya kupozea uji! Nipe dume."

"Kaka, nywele hazitaki dume. Zinaungua."

"Unanifundisha mimi?"

Akatoka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na humo ukutani, kati ya misumeno na brashi, akaliona dume lenyewe! Zito, jekundu, mdomo wa chuma, mkono kama wa bastola. Moyo ukamdunda kama wa mtu aliyeona mchumba.

"Hii ina nguvu?" akamuuliza mwenye duka.

"Nguvu? Mzee, hiyo inabandua rangi tabaka tatu, bila jasho!"

"Mke wangu hapaki rangi. Weusi wake ni wa kuzaliwa."

Mwenye duka alimtazama kidogo, akaona si adabu kumchunguza mke wa mtu. Akaifunga.

Mshauri alirudi nyumbani amekumbatia boksi. Mkewe alikuwa jikoni. Sebuleni, juu ya beseni la plastiki lililofunikwa kifudifudi, lilikuwa limeanikwa wigi la mama mkwe, limetoka kuoshwa. Alasiri hiyo mama mkwe alikuwa aongoze mkutano wa walimu wastaafu, na wigi hilo alilivaa kama jaji anavyovaa joho: bila hilo, kesi haianzi.

"Mama!" Mshauri aliita kuelekea chumba cha wageni. "Nakukaushia sasa hivi! Hesabu mpaka kumi!"

"Ahsante, baba," mama mkwe akajibu kutoka ndani. Masikini, hakujua anashukuru nini.

Mshauri akachomeka, akalenga, akabonyeza.

Loo! Dume likanguruma. Wigi likashtuka, likajikunja, likajikunyata kama konokono aliyetiwa chumvi. Harufu ikajaa nyumba nzima. Kabla Mshauri hajapata kitufe cha kuzima, beseni nalo likalegea, likalipokea wigi kifuani, vikawa mwili mmoja. Hata padri asingevitenganisha.

Mkewe akatoka jikoni mbio, akachomoa waya, akaliokota boksi. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamume mwenye glavu nene, akielekeza mashine ileile kwenye mlango uliobanduka rangi.

"Mume wangu," akasema polepole, "huyu anakausha nywele za mlango?"

Mshauri akaificha mashine mgongoni.

Hapo mama mkwe akatokea, kitambaa kichwani.

"Baba, zimekauka?"

"Zimekauka, mama," akajibu kwa sauti ya panya. "Hazitalowa tena maishani."

Mama mkwe alilitazama beseni lenye nywele. Akalizunguka. Mkewe Mshauri akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Kama ni kilio au kicheko, ukuta ndio unaojua.

"Vaa viatu," mama mkwe akasema. "Tunakwenda mkutanoni pamoja. Nikiulizwa kwa nini mwenyekiti amekuja na kitambaa, utaeleza wewe."

Basi Mshauri akasimamishwa mbele ya ukumbi uliojaa walimu wastaafu, kama mtoto aliyevunja dirisha la ofisi. Akaeleza. Alipofika kwenye mdomo wa chuma, kina mama wote wenye wigi walishika vichwa vyao kwa pamoja.

"Nilikosea kuchagua, wazazi wangu. Naomba radhi," akamaliza. Kisha, kwa heshima, akavua kofia na kuinamisha kichwa.

Kichwa hicho hakikuwa na unywele hata mmoja. Kiling'aa chini ya taa kama sahani iliyotoka kusuuzwa.

Bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyefundisha sayansi miaka mingi, akarekebisha miwani, akakitazama, akasikitika kwa dhati.

"Jamani, mwanangu," akasema. "Kumbe ulianza kuijaribu kichwani kwako?"