Yah: Mzimu Wenu Kujipachika kwa Mjukuu Wangu

Machibya Ndalahwa,
Buswelu, Mwanza.
14 Juni, 1998.

Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka huku Ziwani. Sisi hatujambo, ila mimi binafsi nina hasira. Nimeisubiri ipoe, nimeona haipoi, ndipo nikachukua kalamu.

Mimi ni karani mstaafu wa chama cha ushirika cha pamba. Naandika kuhusu mchezo wenu wa kila Alhamisi jioni, "Bibi wa Duka la Ushirika". Kwa faida ya wakubwa wenu ambao huenda hawautazami, Bibi Sikudhani alikuwa muuza duka katika kijiji cha ujamaa huko pwani. Alifariki siku nyingi, na sasa amerudi akiwa mzimu kuwasumbua wajukuu zake waliouziwa lile duka wakaligeuza baa. Akikasirika, taa zinazimika na bia zinageuka maji. Mchezo ni mzuri, sikatai. Nusu ya mtaa huja kuutazama kwangu, kwa kuwa mwanangu Mihayo, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ndiye aliyetuletea televisheni. Watu wanakuja na vigoda vyao na chai wanakunywa yangu. Hilo nalisamehe. Nisiyoyasamehe ni haya:

1. Mnawadanganya watu kuhusu zamani. Kila Bibi Sikudhani anapotokea, nyuma yake mnaonyesha foleni ya sukari ya enzi zile, na watu wa kwenye foleni wanacheka, wamevaa nguo zilizopigwa pasi. Mimi nilipanga foleni hizo. Tulikuwa tunaacha mawe yatushikie nafasi, na jiwe la mtu likihamishwa, mji mzima unajua. Mke wangu Odeta alipigana na mke wa katibu kata kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni. Leo hao wawili wanakaa mkeka mmoja mbele ya televisheni yangu, wameshikana mikono, wanaililia foleni ile ile. Nikiwakumbusha wananiambia ninyamaze, Bibi anaongea.

2. Mzimu wenu hana adabu. Kwetu Usukumani wazee waliotangulia, tunaowaita masamva, wana utaratibu wao. Mzee akitaka kitu, anakuja kwanza ndotoni, au anamfanya ng'ombe agome kwenda malishoni, mradi anatoa taarifa. Bibi yenu anapita ukutani bila hodi na kuanza kuvunja glasi. Jirani yetu Mwalimu Clavery, Mhaya wa Bukoba aliyefundisha sekondari, anasema yule si mzimu, ni uchumi wa taifa unaolalamika. Akina mama wakamwambia uchumi haufungi kanga vile. Mwalimu alibeba kigoda chake akaondoka kwa hasira. Alhamisi iliyofuata alirudi, akakaa kimya, maana kwake hakuna televisheni.

3. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa nne mke wa Mihayo, Evelina, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo analia. Simaanishi analia kama watoto wanavyolia. Analia kama mtu aliyedhulumiwa. Zahanati walimpima hawakuona kitu. Hapo sisi tunajua kwamba kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake. Wazee wanakaa, mtoto anapakatwa, majina ya waliotangulia yanatajwa moja moja. Likitajwa lenyewe, mtoto ananyamaza na kunyonya, na jina linakuwa hilo.

Ndugu Mkurugenzi, nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ni baba yangu, Ndalahwa. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, asiyemsumbua mtu, na nadhani ndiyo sababu hakuna mtoto hata mmoja aliyepewa jina lake. Wajukuu wangu wengine wote walinyamazia majina ya ukweni. Mimi naandika Machibya Ndalahwa. Mihayo anaandika Mihayo Machibya. Mtoto wake ataandika jina la Mihayo. Ukitazama vizuri, baba yangu anaishia kwangu, nami umri umekwenda. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Wazee wa ukoo niliwaita Alhamisi mchana. Walifika jioni, mchezo wenu umeanza. Niliomba televisheni izimwe. Wakakataa, na wazee hao hao wakiwa wa kwanza kukataa; wakasema ipunguzwe sauti tu. Basi tukafanya shughuli ya ukoo kwenye kona ya sebule, wazee wakitaja marehemu huku shingo zimegeukia kwenye picha. Jina la baba nililiweka mwisho kwa heshima, nilitaje mwenyewe. Zamu yangu ikafika. Nikakohoa kidogo kusafisha koo. Hapo hapo yule mjukuu wenu mwenye baa akaona glasi zinaruka, akapiga ukelele: "Bibi Sikudhani!"

Mtoto kimya. Akatafuta ziwa, akanyonya. Sebule nzima ikapiga vigelegele. Nilipolalamika, wazee walikaa wakajadili, tena wakati wa matangazo ili wasipitwe, wakaamua kwamba jina lililotajwa limetajwa, na mila haikusema lazima anayelitaja awe ndani ya nyumba.

4. Tazameni sasa mlikotufikisha. Kama Bibi Sikudhani anadai jina kwetu, basi ni wa ukoo wetu. Kama ni wa ukoo wetu, lile duka na ile baa ni urithi ambao na sisi tuna sauti juu yake, na lilipouzwa hakuna aliyetuuliza. Wale wajukuu walevi nao ni ndugu zetu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumwona mtoto. Nanyi mmekaa na marehemu wetu muda wote huu bila kutoa taarifa, mkimpitisha kati ya tangazo la dawa ya mswaki na tangazo la betri. Odeta ameanza kumwekea kibuyu cha pombe ya mtama juu ya televisheni. Alhamisi iliyopita kilimwagikia ndani, picha ikawa ya kijani, na watu wote wakasema Bibi amepokea.

5. Kwa hiyo naomba mambo matatu, mchague moja. Kwanza, katika kipindi kijacho Bibi Sikudhani ageukie huku bara atamke wazi kwamba hadai jina lolote Buswelu. Hilo likishindikana, mmuue tena, na safari hii afe vizuri. Na kama hamjui namna ya kumuua mtu aliyekwisha kufa, basi mumpandishe treni yule mama anayemwigiza, aje asimame mbele ya mtoto amkane kwa mdomo wake. Malazi yapo, na samaki ndio usiseme. Ila afanye haraka, kwani ubatizo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Padri amemwambia Evelina kwamba Sikudhani si jina la mtakatifu. Evelina amemjibu kwamba hata Ndalahwa si la mtakatifu, na padri, ambaye nilimtegemea, alicheka.

Nategemea mtalipa jambo hili uzito unaostahili. Nisalimieni mafundi mitambo, watangazaji wote, hasa yule kijana wa taarifa ya habari anayezidi kukonda, na huyo mama mwigizaji pia. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na marehemu wake.

Ni mimi mtazamaji wenu niliyedhulumiwa,
Machibya Ndalahwa.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimeifungua tena. Mchana huu wameniachia mtoto wakaenda sokoni, naye akaanza kulia. Nilimwita Ndalahwa kwa sauti ya kawaida, kisha kwa kumbembeleza, kisha nikiwa nimempigia magoti. Alizidi. Nikatazama mlangoni, nikaona hakuna mtu. Nikamwambia, Sikudhani, nyamaza, babu yako yupo. Akanyamaza, akanishika kidole, akalala nacho. Mpaka sasa naandika kwa mkono mmoja. Basi msimuue Bibi, wala asimkane mtu. Ila tangu mchezo uanze hamjatuambia mume wake alikuwa nani. Naomba Alhamisi mojawapo amkumbuke. Si lazima aonekane, amtaje tu, kwa sauti ya kusikika, kwamba alikuwa mtu mmoja mkimya kutoka bara, jina lake Ndalahwa. Mkikubali, niandikieni ni Alhamisi ipi, ili siku hiyo mtoto nimpakate mimi.