Kivuli cha Kisasa kwa Kompyuta Iitwayo Mzee

Ndugu Katibu wa Ukumbi, ambaye pia ndiye mwenye ufunguo wa choo. Ndugu Mjumbe wa Kudumu wa Kamati Isiyo ya Kudumu. Wawakilishi wa mtaa wa juu, wa mtaa wa chini, na ninyi wachache mnaokaa katikati mkidhani hatuwaoni. Mabibi na mabwana wa benchi la mbele. Mabibi na mabwana mliokalia ndoo. Mke wangu, ambaye naomba apunguze macho. Dada yangu mshonaji. Na wewe, kwa heshima zote ninazozijua na nyingine nitakazojifunza uzeeni, Mama Mkwe wangu, uliyekubali kukalia kiti cha plastiki kwa ajili yangu: itifaki imezingatiwa, imepitishwa, na sasa iko nje inapunga upepo. (Makofi. Mama mkwe anakunja ncha ya mtandio wake, yenye doa jeusi.)

Ndugu wananchi, anayesimama mbele yenu si mtu wa kuokotwa. Ni Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Michezo, Burudani, Teknolojia na Mambo Yanayofanana na Hayo. Mtu aliyepanda lifti katika majengo ambayo ninyi mnayaona kwenye kalenda. Mtu aliyelala hoteli yenye taa inayojiwasha ukiingia msalani, na akakaa humo msalani hadi asubuhi kwa ajili ya utafiti. Wapo wanaosema shuleni sikumaliza. Ni kweli niliiacha shule njiani, lakini shule haikuniacha mimi. Mpaka leo tukikutana inaniulizia kile kitabu cha jiografia. (Kicheko kirefu.) Asanteni. Niwekeeni glasi yangu ya chai hapa, juu ya kitu hiki bapa, meza isije ikaingia alama.

Tumekutana leo, kwa mujibu wa mamlaka niliyojipa na ninyi mkasahau kupinga, kupokea taarifa ya Mradi Mkakati wa Uboreshaji wa Mfumo Endeshi wa Kompyuta ya Michezo kwa Maendeleo Endelevu ya Kivuli. Kama mnavyojua, ukumbi huu una kompyuta moja tu ya kuchezea gemu, hiyo pale chini ya kitambaa cha meza, ambayo vijana wameipa jina la Mzee kwa sababu ukiiwasha inakohoa kwanza. Na kwa wale wasiojua, mfumo endeshi ni ile programu mama ambayo kompyuta ikizinduka asubuhi ndiyo inayoiambia wewe ni nani, hapa ni wapi, na kipanya chako ni kipi. Sasa mfumo wa Mzee umepitwa na wakati. Nilipotangaza hapa wiki iliyopita kwamba tutafanya apgredi, kuna watu waliniuliza, na mmoja wao ni mke wangu tena wakati wa kula: "Kwa nini?"

Kwa nini! Kwa sababu ya grafiksi, wananchi! Grafiksi za kizazi kipya hazikubali kukaa kwenye mfumo wa zamani, kama mimi nisivyokubali kukaa benchi la nyuma. Tazameni kivuli. Kwenye mfumo wa zamani kivuli cha gari ni kidoa cheusi kilicholala chini yake kama oili inayovuja. Kwenye mfumo mpya kivuli kina adabu: gari likikata kona nacho kinakata, likipita ukutani nacho kinapanda ukutani, likisimama kinakaa pembeni kinasubiri maelekezo. Au chukueni maji. Maji ya zamani yamepakwa rangi tu, hata ukiyarukia hayashtuki. Maji ya kisasa yanamtambua anayejitazama. Utafiti wa kamati, yaani mimi na daftari langu, unaonyesha kwamba asilimia tisini ya watoto wanaokataa kuoga wamewahi kuona maji ya mfumo wa zamani. (Makofi. Sauti ya kinyozi kutoka dirishani: "Mheshimiwa, gemu lenyewe la magari ni la zamani! Hicho kivuli kipya kitakaa wapi?")

Ahsante sana kinyozi, swali zuri, na linanikumbusha kwa nini siku hizi nanyolewa kwingine. (Kicheko.) Kivuli kitatafuta pa kukaa. Kazi ya serikali ya mtaa ni kuleta kivuli. Kukitafutia nyumba ni jukumu la sekta binafsi. Naendelea. Katika awamu ya kwanza...

(Sauti ya msichana: "Mjomba!")

Katika awamu ya kwanza, nasema, tutahakikisha...

("Mjomba, samahani!")

Haya, ndugu wananchi, kwa manufaa ya wageni, huyo anayenyanyua mfuniko wa sufuria ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mshonaji. Mnamwita Breki, kwa sababu katika maisha yake ya kuendesha magari humo ndani ya kompyuta hajawahi kuzigusa. Ndiye dereva wetu. Jumamosi hii, hapahapa ukumbini, anashindana na lile jitu la nyuma ya soko, lililomshinda mwaka jana kwa urefu wa bampa baada ya huyuhuyu kinyozi kujikwaa kwenye waya. (Kinyozi: "Waya ulikuwa hauna taa!") Sema, mpwa wangu, ila kumbuka hapa naitwa Mheshimiwa. Mjomba ni nyumbani.

("Mheshimiwa mjomba, kadi ya picha ya Mzee ni ya zamani. Hata umwekee mfumo wa mwakani, hivyo vivuli na hayo maji haiwezi kuyachora. Halafu mfumo mpya unalikataa gemu letu, haulifungui kabisa. Kule kwa wale wa soko walibadilisha, likagoma, ndiyo maana mashindano yamehamia kwetu. Tangu utangaze umefunga ukumbi, mimi sijui kitu. Niambie tu: umeshabadilisha?")

Swali limepokelewa. Litapelekwa kwenye kamati.

("Kamati ni wewe!")

Ndiyo maana litafika haraka. (Kicheko, lakini si kwenye benchi la dada yake mshonaji.) Wananchi, msinifikirie vibaya, mimi nalijua joto la huyu binti. Ukumbi ulipofungwa kwa sababu za kiufundi alifanyia mazoezi nyumbani, usukani ukiwa ni huo mfuniko wa sufuria na mafuta akikanyagia pedali ya cherehani ya mama yake, na cherehani ilikuwa na gauni la mteja. Gauni hilo sasa lina kona nyingi kuliko barabara ya milimani, na mteja akilivaa anaegemea kushoto. (Kicheko. Dada yake: "Mheshimiwa, mjibu mtoto.") Nakuja, dada, nakuja. Kwanza ushahidi, halafu jibu. Katibu, ondoa kitambaa!

(Kitambaa kinaondolewa. Kwenye skrini kuna ziwa la buluu na mlima wenye theluji. Watu wanaguna kwa mshangao. Mtu anapiga mluzi.)

Mnaona? Semeni, mnaona? Wiki iliyopita mlikaa viti hivihivi mkatazama skrini hii hii, na mlichokiona kilikuwa ukungu juu ya ukungu. Ziwa lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na mlima tuliujua kwa kuambiwa. Leo hii theluji inawaka mpaka mimi mwenyewe nilipoingia nilifunga kifungo cha koti. Hiyo ndiyo grafiksi! Huo ndio uongozi! Leo mpaka mbuzi anaonekana, yule pale kwenye jiwe!

("Mjomba, hiyo ni picha ya mbele tu, ile ya kukaa pale kabla hujafungua kitu. Ni ileile. Na mbuzi alikuwepo.")

Alikuwepo, lakini hakuwa na maendeleo! (Kicheko kikubwa.) Sasa mbuzi ana pembe mbili, zamani alikuwa na wazo la pembe. Wananchi, sibishani na mtoto, naleta demokrasia: anayeona picha imeboreka anyooshe mkono. Moja, mbili, kinyozi pia, nimekuona... Kwa ridhaa yenu, wajumbe walioridhika ni asilimia mia moja na kumi na mbili, maana wapo walionyoosha mikono yote miwili. (Makofi, vigelegele.)

Kwa msingi huo imara, naahidi yafuatayo. Katika robo ya pili ya mwaka tutaleta kivuli cha awamu ya pili, ambacho kitaonekana hata gari likiwa limezimwa. Katika robo ya tatu tutaunganisha kompyuta hii na mtandao, na mtandao na umeme, na umeme na yule bwana anayeukata. Ifikapo robo ya tano...

(Breki amekwapua mfuniko wake na anaelekea mlangoni. Anamwambia mama yake, kwa sauti inayofika mbele: "Twende tu, mama. Ameshamuua Mzee. Jumamosi nitawaambia nini?")

Ifikapo robo ya... Hebu ngoja. Breki. Mpwa wangu, simama hapo mlangoni. Dada, na wewe usinitazame hivyo, hilo ndilo jicho la siku nilipopasua birika la marehemu mama. Mmetoka mapema sana ninyi, kwenye hotuba kiini hukaa kwenye shukrani, na watu wote wakubwa ninaowajua huwahi shukrani hata kama hotuba imewapita. Nasoma shukrani. Chai yangu iko wapi? Ahaa.

Namshukuru, kwa dhati kabisa, fundi tuliyemwita kuja kuweka mfumo mpya, ambaye alizima simu yake siku ileile tuliyomtangaza na mpaka sasa hajaiwasha. Bila kutokuja kwake tusingefika hapa tulipo. Naishukuru santuri hii ya kompyuta, yenye huo mfumo mpya wenyewe, ambayo tangu nilipokabidhiwa haijatoka kwenye nailoni yake hata mara moja, na ambayo asubuhi hii yote, kama mlivyoshuhudia, imebeba glasi yangu ya chai kwa uadilifu mkubwa. (Breki ameacha kitasa cha mlango.)

Na zaidi ya wote, namshukuru Mama Mkwe wangu, aliyewahi kufika leo kabla yenu nyote, akamkuta Mzee, akasema, nanukuu, "Mkwe wangu, mnakaaje na vumbi namna hii kama hamna wake?", akalowesha ncha ya mtandio wake kwa njia ambayo sitaieleza hadharani, na akafuta kioo chote kutoka juu mpaka chini. Wananchi, huo ndio mradi. Huo ndio usanifu, ndio utekelezaji, na ndiyo tathmini. Awamu ya pili haipo, kwa sababu upande wa nyuma mama amesema atafuta akijisikia. Ndani ya Mzee hakuna mkono wa mtu ulioingia. Mfumo ni uleule. Gemu ni lilelile. Kikohozi ni kilekile!

(Ukumbi unalipuka. Ndoo zinapinduka. Mfuniko wa sufuria unarushwa juu na kudakwa. Breki anapita katikati ya watu, anaruka benchi, anabonyeza kitufe cha kumzima Mzee na kumwasha upya. Mzee anakohoa. Watu wanashangilia kikohozi.)

Basi nisaidieni, wote kwa pamoja! Nikisema Mzee, mseme Yuleyule! Mzee! ("Yuleyule!") Vumbi! ("Limetoka!") Kivuli cha kisasa! (Kinyozi, peke yake: "Kitafute nyumba!") Breki! ("Hakuna!") Sisikii, Breki! ("Hakunaaa!")

(Mama mkwe: "Mkwe wangu, shuka hapo jukwaani, nifute na hiyo meza. Imejaa chai.") Nashuka, Mama, nashuka, nimalizie sentensi moja tu. Kwa mamlaka niliyonayo, natamka rasmi kwamba mradi huu, ambao haukuwahi kuanza, umekamilika kabla ya wakati, na kwamba kuanzia sasa ukumbi uko wazi mpaka Jumamosi na...

(Sauti ya injini inajaza ukumbi. Kwenye skrini gari jekundu limeshaondoka kwenye mstari, na chini yake kinakimbia kidoa cheusi kama oili inayovuja. Hakuna tena anayetazama jukwaani.)

...na ninaomba, mpwa wangu, si kama Mheshimiwa, kama mjomba tu: ukimaliza huo mzunguko, na mimi unipe zamu.